Bango Juu ya Mlango wa Pembeni

Jumamosi, tarehe 18 Septemba 1993, alasiri, ukumbi wa sherehe wa Masukulu uliungua, na mke wangu Atupele akafia humo. Watu wengine wote walitoka. Mlango wa dharura ulikuwa wazi. Bango lililokuwa juu yake nililichora mimi, lilikuwa mahali pake na lilisomeka.

Naanza na hilo kwa sababu vijana wa ofisi ya ujenzi waliponiaga waliniomba niwaandikie jinsi kazi ya mabango ilivyofanyika zamani, na nisingeweza kujaza kurasa za brashi na rangi huku nimeliruka. Elimu yangu ni darasa la saba. Nitaandika nilivyoona, na nisichokijua nitasema sikijui.

Niliingia ofisini nikiwa kibarua wa rangi. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe, nikidhani ukiajiriwa ofisini unafanya kazi ya ofisini. Mzee Ambakisye, seremala wetu ambaye pia ndiye alikuwa mchora mabango wa pekee Tukuyu nzima, alinitazama kuanzia kola mpaka viatu.

"Wewe ni mwalimu?"

"Hapana, mzee. Fundi rangi."

"Basi jioni utakuwa na shati la fundi rangi."

Jioni nilikuwa nalo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kukata herufi kwenye picha za eksirei. Tulizipata hospitali, zile za zamani ambazo hazikuwa na mwenyewe tena. Zinakatika vizuri kwa wembe, hazilowi rangi kama boksi, na ukizipangusa kwa mafuta ya taa zinatumika tena. Ukiinua moja dirishani unaona mbavu za mtu, na katikati ya mbavu herufi M. Nilipocheka mara ya kwanza Mzee Ambakisye aliniambia, "Usimcheke. Huyu naye yuko kazini."

Miaka ile kazi zilikuwa chache na rangi zilikuwa chache zaidi. Duka la ushirika likiwa na rangi mbili, basi bango linakuwa la rangi hizo mbili, hata kama ni kijivu juu ya kahawia. Tulichora "Ofisi ya Mtendaji", tukachora "Choo", tukachora "Usikojoe Hapa" mahali ambapo watu waliendelea kukojoa.

Kisha biashara zikafunguliwa. Ghafla kila mwenye vijisenti alikuwa na duka, na aliyekuwa na duka akataka ukumbi. Jenereta ndogo zikaingia, video zikaingia, nyumba za wageni zikaota kando ya barabara kuanzia Kiwira hadi chini kabisa. Rangi nazo zikaja za kila namna, nasi tukawa na kazi ambayo hatukuizoea. Kila jengo la kukusanya watu lilipoombewa leseni, sisi tulitumwa kuangalia milango.

Masharti tuliyopewa hayakuwa mengi. Jengo la watu wengi liwe na mlango mwingine mbali na ule wa kuingilia. Ufungukie nje. Usifungwe kwa ufunguo watu wakiwa ndani. Juu yake pawe na bango linalosomeka ukiwa umesimama ukuta wa pili, na bango lionekane hata umeme ukikatika. Gari la zimamoto la karibu lilikuwa Mbeya mjini, na ile barabara yetu ni milima na kona. Moto wa Tukuyu ulizimwa na watu wa Tukuyu au haukuzimwa.

Sharti la bango kuonekana gizani lilitusumbua. Mwanzoni Mzee Ambakisye alitengeneza kisanduku cha mbao chenye kioo mbele, herufi nyekundu juu ya kioo, na kibatari ndani. Tulikitundika, tukakiwasha, tukarudi nyuma kukitazama. Kilipendeza. Kisha akasema, "Tumeweka moto juu ya mlango wa kukimbilia moto." Tukakishusha. Tuliishia kutumia balbu ya tochi na betri, na betri ziliibwa kila baada ya muda na watu wenye redio.

Alikuwa na njia yake ya kukagua ambayo sijaona mtu mwingine akiitumia. Hakuushika mlango kwa mkono. Alimwomba mwenye jengo ndoo ya maji, akaibeba kwa mikono miwili, akaenda mlangoni na kuusukuma kwa kiuno. Usipofunguka, hakupitisha. Alisema mtu anayekimbia hana mkono mtupu, ana mtoto au ana redio yake. Vijana, hii ndoo bado ni kipimo kizuri. Ijaribuni.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi na nyingine zilichekesha. Kulikuwa na mwenye nyumba ya wageni aliyetupeleka ujiani kwa fahari akatuonyesha bango zuri kabisa, limechorwa na mtu wa mjini, juu ya ukuta mtupu. Hakukuwa na mlango. Nilimuuliza watu watatokea wapi. Akanijibu kwamba aliambiwa aweke bango, ameweka, na habari ya mlango aliisikia siku hiyo.

Bwana Salum wa Kiwira nilimpenda. Alikuwa na banda la video lililojaa wachimbaji wa makaa kila siku ya mshahara, na mlango wake wa pembeni ulikuwa na kufuli la ukubwa wa ngumi.

"Fundi, nikitoa kufuli hili nitawaonyesha picha bure Kiwira nzima. Mmoja anakata tiketi mbele, anawafungulia wenzake ubavuni."

"Na kukiwaka?"

"Kukiwaka nafungua mimi. Ufunguo huu hapa." Akapapasa mfuko wa kanzu, kisha mwingine, kisha akamwita mkewe amletee ufunguo kutoka nyumbani. Tukaungoja. Tulipoendelea kuungoja akaanza kucheka mwenyewe. "Haya, fundi. Tayari tumeshaungua."

Kufuli lilitoka, likawekwa komeo la mti la kuinua kwa ndani, na Salum akafunga kengele ya ng'ombe kwenye ubao wa mlango ili asikie ukifunguliwa. Chini ya maandishi nilimchorea mtu anayekimbia kuelekea mlangoni, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Alimtazama sana.

"Huyu ameiba nini?"

"Hajaiba, Bwana Salum. Anatoka."

"Basi mpunguzie mwendo. Watamkamata."

Masukulu hapakuwa na kichekesho chochote. Ule ulikuwa ukumbi mzuri. Mlango mkubwa mbele, mlango wa pembeni upande wa kulia, na nyuma ujia mwembamba wa kwenda jikoni. Mzee Ambakisye aliupitisha mlango wa pembeni kwa ndoo. Mimi nilichora "Mlango wa Dharura" kwa nyekundu juu ya nyeupe, na herufi zilisomeka kutoka jikoni. Leseni ilitoka kwa haki.

Siku ile ya Septemba palikuwa na harusi ya ukoo wetu. Mimi na mdogo wangu Lusajo tulikuwa nje kwa mbele, tunashusha kreti za soda. Ndani watu walikaa kama wanavyokaa kwetu. Wazee walichagua upande wa kulia, karibu na mlango wa pembeni, kwa sababu ya upepo. Wanawake walikaa kushoto na nyuma. Jenereta ya muziki ilikuwa kwenye ujia wa jikoni, na mtu mmoja akaiongezea petroli ikiwa inanguruma. Dari lilikuwa la viroba vya nailoni vilivyoshonwa pamoja na kupakwa chokaa. Viroba vikishika vinatoa moshi mweusi na kudondosha matone yanayochoma, na mtu haoni mkono wake.

Nilikimbilia mlango wa pembeni kwa kuwa ndio niliouamini. Baba yangu alikuwa pale. Alikuwa ameuegemea ubao wa mlango kwa mgongo ili usijirudishe, amepoteza kofia, anawavuta watu kwa mikono na kuwatupa nje. Alikuwa akisema bila kupumzika, "Piteni huku, huku kuna hewa." Hakutoka mpaka Lusajo na mimi tulipombeba.

Tumpe, mke wa Lusajo, alitolewa dirishani na vijana. Atupele tulimkuta baadaye kwenye ujia wa jikoni, kule kule moto ulikoanzia. Tulimzika nyumbani, kwenye migomba.

Niliporudi kazini Mzee Ambakisye hakuniambia pole tena, alikwisha kuniambia msibani. Alinipa debe la brashi kuukuu zilizogandiwa na rangi akasema, "Osha hizi." Zilikuwa za miaka. Niliziosha kutwa, na kesho yake kutwa. Sikujua wakati ule kwa nini aliziweka.

Kitu kimoja hakikueleweka. Atupele aliufahamu mlango ule. Mara nyingi nilimweleza habari za milango, mpaka akanitania kwamba nikifa niwekewe bango kaburini. Kwa nini alirudi kwenye moto? Nilimuuliza kila aliyekuwa ndani, na kila mtu alisema moshi. Nilikubali kuwa ni moshi.

Mvua zilipoanza nilikwenda kwa Lusajo. Hakuwepo, Tumpe alikuwa nje anamenya ndizi. Nilikaa kwenye kigogo. Hakuniangalia, aliendelea kumenya.

"Shemeji, unauliza sana watu."

"Nauliza."

"Mimi hujaniuliza."

Nikasogeza kigogo karibu. Akasema, "Tulifika. Mimi na dada Atupele tulishikana mikono, tukaufuata ule mwanga wa mlango mpaka karibu kabisa. Baba alikuwa amesimama pale."

"Alikuwa anawatoa watu."

"Najua. Tulimsikia. Alikuwa amesimama mlangoni penyewe, shemeji. Tungepitaje? Tungemgusa. Dada akanivuta, akasema twende jikoni. Mimi nikaangukia dirishani, yeye akaendelea."

Kwa msomaji asiye wa kwetu nieleze. Kwa Wanyakyusa mwanamke hamtazami baba mkwe wake. Hapishani naye njiani. Akimwona kwa mbali anaingia migombani mpaka apite. Hamtaji jina wala hasemi naye. Ni heshima, na msichana anafundishwa kabla hajaolewa, hivyo mwili wenyewe unajua kabla kichwa hakijafikiri. Siku hizi wengi wameacha, na hata wakati ule watu wa kanisa walisema wameacha. Ila kanisani na ukumbini wote waliingia, na kila mmoja alijua pa kukaa.

Nilimuuliza Tumpe kama ingetokea tena.

Alitupa ganda, akachukua ndizi nyingine. "Nisikudanganye. Hata leo ningerudi."

Niliondoka pale na jambo moja la kufanya. Lusajo alikuwa na watoto, na ukoo wetu haukuwa umemaliza harusi.

Nilianza kwa mhandisi wetu, kijana wa mkoa mwingine, mtu msikivu. Nilitaka mlango wa dharura uwe pande zote mbili, wanawake wawe na wao. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza maswali ya maana. Kisha akasema, "Fundi, ukumbi mpya nitamshauri mwenye nao, na wengine watakubali. Lakini siwezi kumnyima mtu leseni kwa sababu ya mahali mkwe wake anapokaa. Hilo mtalizungumza nyinyi wenyewe." Alikuwa sahihi, na kumbi kadhaa zilijengwa milango miwili kwa ushauri wake. Nendeni mkazione.

Kuzungumza ndiko kulikuwa kugumu. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia mambo hayo yalikwisha zamani, nisiwarudishe watu nyuma. Alipokuwa akiniambia, mkwe wake alikuwa amesimama nyuma ya jiko na uji wake, anangoja niinuke nimpelekee mzee mimi. Wanawake walinicheka. "Baba wa mabango, kwa hiyo nikiona moto nimkanyage mzee?" Nikasema ndiyo. Wakacheka zaidi, na hakuna aliyesema angepita.

Mtu ambaye sikumwambia alikuwa baba. Watu walimsifu kwa siku ile. Waliopitia mikononi mwake walimletea majogoo. Alikuwa akipokea, kisha wakiondoka anaingia ndani. Sikuona faida ya kumwambia, na kila nilipofika kwake nilijisikia kama mtu aliyeficha kitu cha mwenzake mfukoni.

Aliniuliza mwenyewe. Tulikuwa tunakata majani makavu ya migomba, yeye anakata mimi nakusanya. Alisimamisha panga.

"Ule mlango ulikuwa wazi?"

"Ulikuwa wazi, baba."

"Nilikuwa nimeushika mimi. Haukujifunga hata mara moja."

"Haukujifunga."

"Sasa mama wa nyumba yako kwa nini hakupita?"

Ningeweza kusema moshi. Nilisema, "Wewe ulikuwa pale, baba."

Alinitazama akidhani sijamaliza. Kisha niliona kwamba ameelewa. Alikata mgomba ule ukabaki hauna hata jani bichi, akahamia mwingine. Nilikusanya yote. Kwa miezi mingi baadaye hakuhudhuria harusi wala kikao chochote chenye paa.

Mzee Ambakisye alistaafu, nikabaki na ndoo yake. Kisha ukumbi wa Kawetele ukajengwa, na binti wa shangazi yetu akapangiwa harusi humo. Nilikwenda kuukagua. Upande mmoja ulikuwa umechimbwa kwenye mlima, ukuta umeshikamana na udongo, hapakuwa na namna ya kutoboa mlango wa pili. Mlango wa dharura ulikuwa mmoja, kulia, unaangalia migomba. Ulipita kwa ndoo. Bango lilipita. Kwa masharti sikuwa na la kukataa, na nilijua wazee watakaa wapi na Tumpe angefanya nini.

Nilikwenda kwa baba nikamweleza ukumbi ulivyo. Nilimwambia kwamba siku ya harusi, kabla ya chakula, nitaomba watu wote watoke mara moja kwa mlango ule, bila moto, mchana, ili miguu izoee. Akaniuliza wanawake pia. Nikasema hao hasa. Akachukua panga lake akaingia migombani.

Alikuja. Alivaa koti na kofia mpya, akaketi na wazee wenzake kulia, karibu na mlango, kama kawaida. Msema chochote, yule anayeongoza sherehe, alinipa kipaza sauti, nikaeleza. Vijana walitoka wakicheka na kusukumana. Wanaume wa rika langu wakatoka, wazee wakabaki kwenye viti vyao karibu na mlango. Kisha ikawa zamu ya upande wa kushoto, na hakuna aliyeinuka. Wanawake walitazama chini. Mmoja akajifanya anamfunga mtoto khanga. Nilirudia maneno yangu, na kipaza sauti kikapiga kelele peke yake.

Mzee mmoja jirani ya baba akasema, "Kijana, tule. Hapana moto hapa."

Baba akasimama. Akasema kwa sauti ya kawaida, lakini ukumbi ulikuwa kimya na wote tulisikia, "Mke wa mwanangu aliungua kwa sababu nilisimama mlangoni. Siku ya moto wazee tunatoka kwanza, tunakwenda mbali. Chukueni viti vyenu."

Akachukua cha kwake. Wazee walitazamana. Yule aliyetaka tule akabaki ameketi kidogo, kisha naye akabeba kiti. Walitoka wote, na kupitia mlangoni niliwaona wakienda hadi kwenye migomba na kusimama wameupa ukumbi mgongo, koti kando ya koti.

Mama mmoja mzee akainuka. Wengine wakamfuata, vitambaa usoni, haraka, wakipita mlangoni kama watu wanaokwepa mvua. Mimi nilikwenda nyuma ya jukwaa kuangalia kama kuna aliyebaki, maana ndivyo ukaguzi unavyotakiwa. Tumpe alikuwa wa mwisho, mtoto mgongoni. Nilimwona akitoka.

Nikiwa bado ndani nilisikia sauti ya baba kutoka kwenye migomba, anauliza bila kugeuka, "Wamekwisha?"

Aliniuliza mimi, nadhani. Kati ya wanawake waliotoka, aliyekuwa karibu naye ni Tumpe, ambaye tangu aolewe hajawahi kusema naye neno. Nikafungua mdomo nijibu.

"Tumekwisha, baba," Tumpe akasema.

Baba akamshukuru kwa lugha yetu, "Haya, ndaga." Akabaki anatazama migomba mpaka wanawake wote walipozunguka upande wa mbele.